Katuni ya Nahodha Zuhura ukutani mwa darasa la ngumbaru, na baba yangu aliyeacha kusema nami

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wa rika langu hamjambo. Vijana nawasubiri mniamkie huko chini, nitaitikia mmoja mmoja bila kuchoka.

Mimi humu ni msomaji tu, sina kawaida ya kuanzisha uzi. Ila juzi nimepitia ule mjadala wenu wa katuni na muvi za anga za zamani, ipi ilikuwa kali kuliko zote. Mmerushiana maneno vizuri tu. Nimecheka, na nimekumbuka vitu ambavyo wajukuu zangu walivitazama mpaka TV ikaomba poo.

Halafu kijana mmoja akaandika kwamba wazee wa enzi za Ujamaa tulikosa mengi. Hatukuwa na katuni, hatukuwa na hadithi za anga, tulikuwa na jembe tu.

Mwanangu, popote ulipo, kaa kitako. Bibi yako anakuja na hoja.

Nitakayoeleza yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Anayetaka kusema ni chai, ruksa, ila mimi ndiye niliyeinywa ikiwa ya moto.

Twende.

Mimi ni mzaliwa wa Vidunda, kule juu mlimani. Kwetu ni watu wa maharage, ndizi na baridi. Shule ya msingi nilisomea Kilosa mjini, nikikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, kwa sababu alikuwa na kazi ya reli na nyumba ya vyumba viwili.

Kazi yenyewe ilikuwa kufagia mabehewa. Treni ikifika kutoka Dar, abiria wakishashuka, mjomba anaingia na ufagio wake. Mle ndani aliokota kila kitu: maganda ya machungwa, viatu vya upande mmoja, siku moja kuku mzima aliyesahauliwa chini ya kiti. Kuku alirudishwa, mwenyewe alimfuata akilia.

Magazeti hayakuwa na wa kuyafuata. Hayo aliniletea mimi.

Kulikuwa na gazeti moja la kila mwezi, jina silitaji, ambalo kurasa za nyuma lilikuwa na hadithi ya picha. Wachoraji wake wala sikuwahi kuwajua. Hadithi ilimhusu mwanamke aitwaye Nahodha Zuhura, rubani wa chombo cha kwenda kwenye nyota.

Wakuu, mwanamke! Amevaa suruali, anaendesha chombo kikubwa kuliko stesheni ya Kilosa, na wanaume wanamwitikia "ndiyo Nahodha". Mimi nina miaka kumi na moja, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kwa mjomba, uji umepoa mkononi.

Stori ilikuwa hivi. Dunia imekauka. Watu wanapakiwa chomboni na mizigo yao kupelekwa Sayari ya Kijani. Ndani kuna roboti la bati liitwalo Debe, ambalo kila toleo linapoteza mguu. Na kuna mzee mmoja, Mzee Kibuyu, aliyekataa kupanda chombo mpaka akaruhusiwa kubeba kibuyu chake cha mbegu za maharage.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo la ki-fan.

Nimetazama na wajukuu hizi series zenu za sasa, season ya kwanza mpaka ya tisa. Picha safi, milio ya kutetemesha dirisha. Lakini roboti bado ni lile lile la kuchekesha, linaloogopa kila kitu halafu siku ya shida ndilo linalookoa watu. Nikiliona huwa nasema moyoni, Debe, kumbe bado upo. Wajukuu hawajui bibi anatabasamu nini.

Tofauti kubwa ni kwamba ninyi mnasubiri wiki moja mnalalamika. Mimi toleo linalofuata lilitegemea kama kuna abiria kalisahau chini ya kiti. Nilikuwa na toleo la tatu, la tano, la sita, halafu la kumi na moja. Katikati nilijaza mwenyewe kichwani. Spoiler, yaani mtu kukudokezea yatakayotokea, ilikuwa zawadi, si kosa.

Kurasa zote nilizikata kwa wembe nikazihifadhi kwenye sanduku la bati. Nilipomaliza Darasa la Saba zilikuwa thelathini na kitu.

Mjukuu ananiita mezani, narudi.

Nimerudi. Wali ulikuwa wa moto.

Basi, ule mwaka niliomaliza shule, wazazi wangu hawakuwa tena mlimani. Ilikuwa wakati wa operesheni ya vijiji. Malori yalikuja chini ya mlima, watu wakateremka na mizigo, wakapelekwa kijiji kipya bondeni upande wa Mikumi. Viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mstari.

Sitaki kuleta siasa hapa, kuna jukwaa lake. Yalikuwepo mazuri. Maji ya bomba niliyakuta pale, zahanati niliikuta pale. Ila baba yangu aliteremka na mwili tu. Joto lilimwonea, mbu walimwonea, tembo walikula mahindi yake ya kwanza yote. Alikuwa mtu wa utani, msemaji. Nilipanda treni ya kwenda Kidatu, nikashuka Mikumi, nikatembea mpaka nyumbani, nikamkuta mtu amekaa anatazama mlima.

Lakini alifurahi kuniona. Hilo naomba mlishike, kwa sababu nililiharibu mwenyewe ndani ya wiki mbili.

Wakati ule kijiji kilikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima. Ngumbaru, kama tulivyowaita wanafunzi wake. Walimu walikuwa wachache, kwa hiyo sisi tuliomaliza la saba tuliombwa kufundisha. Nikawa mwalimu nina miaka kumi na sita. Darasa ni banda la nyasi lenye kuta nusu. Ubao tuliupaka masizi ya betri yaliyopondwa na majani ya viazi. Chaki zikiisha tunaandikia muhogo mkavu. Vipindi vilianza saa kumi jioni, watu wakishatoka shamba.

Sasa nisikilizeni kosa langu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Tangu nikiwa mdogo namwona Jumapili amesimama mbele, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mkononi, anaimba ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, anafungua ukurasa unaofuata pale pale unapotakiwa. Mimi niliondoka nyumbani nina miaka saba. Kichwani mwangu baba alikuwa msomi kuliko wote Vidunda.

Siku ya kwanza ya darasa langu banda lilijaa. Majirani, watani wake, washarika wenzake. Baba naye alikuja kumwona binti yake akifundisha, akakaa nyuma. Mimi kwa mapenzi na kwa kutaka kumpa heshima nikaandika sentensi ubaoni, nikasema, "Ndugu zangu, kabla hatujaanza, namwomba baba yangu aje atusomee hii, ili muone kwamba kusoma si kitu kigeni kwa watu wetu."

Baba akasimama.

Akaja mpaka mbele. Akautazama ubao. Niliandika "Karibuni tusome". Maneno mawili, wakuu.

Akatazama, akatazama. Nikadhani anakohoa kwanza. Ndipo nikamwona jasho linamtoka juu ya mdomo, na hapo hapo nikaelewa. Baba hakujua kusoma. Nyimbo zote zile, mamia ya beti, alizishika kwa kichwa, na kurasa alizifungua kwa kufuata wenzake.

"Macho yangu leo hayaoni vizuri," akasema. Akachukua kofia yake akatoka.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mmoja tu, lakini alitosha.

Kuanzia siku ile baba hakusema nami. Nikimwamkia, "Shikamoo baba," anajibu "Marahaba," kwa sababu marahaba hainyimwi mtu. Baada ya hapo hakuna neno. Chakula nikiweka mbele yake anakula. Nikiuliza jambo, anamjibu mama. Kanisani aliacha kusimama mbele, akawa anakaa benchi la mwisho bila kitabu.

Nilitaka kuomba msamaha nikashindwa nitaanzia wapi. Unamwambiaje baba yako, samahani nimewaonyesha watu kwamba hujui kusoma? Kila neno nililolipanga lilikuwa linarudia aibu ile ile. Nililia sana jikoni kwa mama. Mama akasema nimwache, kidonda hakifunguliwi kila siku kuangaliwa.

Darasani nako mambo yalikuwa magumu. Kitabu tulicholetewa cha kufundishia kilihusu kilimo cha pamba. Kizuri, kimeandikwa vizuri, ila wale watu hawakuwahi kulima pamba. Mama mmoja akaniuliza kama pamba inaliwa. Nikasema hapana. Akafunika kitabu. Wiki ya tatu nilikuwa na wanafunzi tisa, wawili wao wamekuja kupumzika kivulini.

Ndipo nikalikumbuka lile sanduku la bati.

Nikapika uji mzito wa muhogo, nikazibandika kurasa zangu zote za Nahodha Zuhura ukutani, kwa mpangilio, palipopungua nikaacha nafasi. Roho iliniuma, ile ilikuwa mali yangu ya pekee duniani. Lakini nilikuwa mwalimu asiye na wanafunzi na binti asiye na baba. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Kesho yake watu walikuja kuangalia picha. Swali la kwanza lilikuwa, hawa watu wanatema nini mdomoni? Walikuwa wanaonyesha vile viduara vyenye maneno. Nikawaeleza kwamba ni maneno yao, wanazungumza. "Wanasemaje?" Nikajibu kwamba anayetaka kujua akae chini tuanze na ba be bi bo bu.

Walikaa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi walivyoielewa ile hadithi. Kwangu mimi ilikuwa ya nyota na roketi. Wao walitazama watu wanapakiwa chomboni na vitanda na kuku, wanateremshwa mahali pasipo miti yao, nyumba zimepangwa mstari, wakasema, "Kumbe na hawa walipitiwa na operesheni." Hakuna aliyeshangaa kuhusu anga. Walichotaka kujua ni kama walipewa viwanja vya kutosha, na kama Sayari ya Kijani ina tembo.

Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu humu kuhusu kwa nini hadithi za anga zinagusa watu. Mimi niliyapata bure kwa wakulima wa Vidunda.

Siku moja mchana, hakuna kipindi, nikapita karibu na banda. Nikamwona baba. Amesimama nje ya ule ukuta nusu, jembe begani, anazitazama picha. Alikuwa kwenye ukurasa wa Mzee Kibuyu akikatalia mlangoni mwa chombo. Nikarudi nyuma polepole asinione.

Jioni nikiwa jikoni, mama akaja anabana kicheko. "Baba yako anauliza, yule mzee mwenye kibuyu wanampeleka wapi?"

Baba mwenyewe alikuwa hatua sita kutoka pale, chumbani. Ananisikia na ninamsikia. Nikamjibu mama kwa sauti. Mama akaenda kurudia maneno yale yale, kama vile kuna mto katikati yetu. Kesho yake swali jingine: yule mwanamke ana mume? Kesho kutwa: lile dude la bati linalipwa?

Ilikuwa furaha yangu ya siku nzima, lile swali. Ningeweza kuendelea hivyo mwaka mzima.

Lakini nilikuwa mwalimu. Siku ya tano au ya sita nikajikaza, nikamwambia mama, "Mwambie majibu yote yapo pale pale ukutani, kwenye viduara." Nilidhani nimemkosea kwa mara ya pili, na hapo hata usingizi ulinipotea.

Maswali yalikoma. Baba darasani hakuja. Wiki zikapita, kisha miezi, mvua zikanyesha, maharage yakachanua.

Asubuhi moja niliingia jikoni kuwasha moto, nikaona ukutani nyuma ya mafiga maandishi ya mkaa. Ba be bi bo bu. Chini yake, herufi kubwa zilizopinda: ZU HU RA. Chini yake tena: KI BU YU. Mwandiko wa juu ulikuwa wa mama, niliujua, alikuwa mwanafunzi wangu hodari. Wa chini haukuwa wake.

Nikachukua kitambaa nisafishe, maana nilidhani ni mazoezi yamekwisha. Mama akanishika mkono. "Usiyafute. Ni ya baba yako."

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa anasoma kwangu jioni, alfajiri anamfundisha mumewe kabla sijaamka. Nikaweka kitambaa chini nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mama, nikamshukuru hata yule abiria aliyesahau gazeti. Na nilijua kwamba natakiwa kukaa kimya, nisijue chochote, mpaka baba mwenyewe apende.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Alikuja mkaguzi wa kisomo. Mtu mzima, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaingia darasani, watu wakasimama kumwamkia. Akatazama kuta zangu. Akatembea nazo polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Binti, hii nini?"

Nikasema ni zana ya kufundishia.

"Roketi inamfundisha nini mkulima? Kitabu cha pamba kiko wapi?"

Nikakitoa. Kilikuwa kipya mno. Ndicho kilichonisaliti.

Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba mimi bado mtoto, nimefanya mchezo na kazi ya taifa. Picha zibanduliwe. Kesho nisije, ataletwa mwalimu mwingine. Wanafunzi wangu wakaanza kunitetea wote kwa pamoja, akawanyamazisha kwa mkono. "Kutazama picha si kusoma. Nani hapa amejua kusoma kwa mambo haya?"

Watu wakainama. Walikuwa wanajua, lakini kusimama mbele ya mkubwa ni kitu kingine.

Ndipo sauti ikatoka nje ya ukuta nusu. "Hodi."

Alikuwa baba. Akavua kofia, akaingia. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho niliokuwa nao, Mzee Kibuyu amepiga magoti kwenye udongo wa Sayari ya Kijani. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"A-rdhi hi-i... ba-do ha-i-ni-ju-i." Akavuta pumzi. "Ni-ta-i-li-ma ki-la si-ku... mpaka i-ni-zo-e-e."

Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja, kwa sababu nilimjua baba. Mtu aliyeshika beti zote za kitabu cha nyimbo kichwani atashindwaje kushika sentensi mbili?

Mkaguzi hakuwa mjinga. Naye aliliona hilo. Akakichukua kitabu cha pamba, akakifungua katikati, akakiweka mikononi mwa baba. "Mzee, nisomee hapa."

Wakuu, nilifumba macho. Nilisema moyoni, Mungu wangu, nimemleta tena mbele ya watu.

Nikasikia, "Pa-mba hu-panda... hu-pandwa." Amejisahihisha. "Pamba hupandwa kwa mi-sta-ri. Pa-li-li-a mapema." Akaendelea. Alisoma mpaka chini ya ukurasa, jasho linamtoka juu ya mdomo, akafungua ukurasa wa pili bila kuambiwa. Mkaguzi ndiye aliyemzuia.

Baba akamrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Bwana mkubwa, kitabu kizuri. Ila hakina hadithi. Mimi nimejifunza kusoma uzeeni kwa sababu nilitaka kujua kama yule mzee atazoea kule alikopelekwa."

Kisha akageukia ukuta, akaonyesha kwa kofia. "Na huyu mchoraji hajawahi kushika jembe. Maharage kayachimbia shimo la kupandia mgomba."

Banda likapasuka kwa kicheko. Hata mkaguzi alicheka, akajifanya anakohoa. Akaandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Mwisho akasema picha zibaki, kitabu cha pamba kimalizwe, na mwalimu aendelee.

Tulipotoka, baba alinisubiri njiani. Tukatembea yeye mbele, mimi nyuma, kama kawaida ya kwetu. Nilikuwa sijui kama naruhusiwa kusema. Tulipofika penye mto akasimama, hakugeuka.

"Siku ile hukunikosea," akasema. "Ulinipa heshima ambayo sikuwa nayo. Nilikukasirikia kwa sababu nilikuwa nimekudanganya miaka yote."

Nililia pale pale njiani, mwalimu mzima, na yeye akasubiri nimalize ndipo tukavuka.

Baada ya hapo, wakuu, nyumba yetu ikawa na ma-fan wawili. Toleo la mwisho la hadithi ile hatukulipata kamwe. Mjomba alifagia mabehewa mpaka anastaafu hakuliona. Kwa hiyo baba alitunga mwisho wake, na kila mwaka aliubadilisha. Mwaka mmoja Mzee Kibuyu anarudi duniani. Mwaka mwingine anamwoza Nahodha Zuhura. Mwaka wa mavuno mazuri alisema mzee hataki tena kurudi, maharage ya kule yamekuwa makubwa. Mnachokiita fan theory sisi tulikifanya tukipukuchua mahindi.

Ndiyo maana sichukii mnapogombania katuni. Mtu anayegombania hadithi ni mtu aliyeguswa nayo. Nachukia tu mnapowacheka watoto, au mnaposema mambo ya anga si yetu, ni ya watu wa nje. Mimi nimewaona wakulima wa mlimani wakiyafanya yao ndani ya mchana mmoja.

Nilipata baadaye nafasi ya chuo cha ualimu, nikaenda mbali na nyumbani. Mwezi wa pili tu nikapokea barua. Bahasha imekunjwa kombo, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa zinazopanda juu upande wa kulia. Ndani aliniambia mama ni mzima, mbuzi amezaa mapacha, tembo wamekula mistari mitatu tu safari hii. Mistari ya mwisho naikumbuka neno kwa neno, na karatasi yenyewe ninayo hapa ninapoandika:

"Makosa yote utakayoyaona humu ni yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono."

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Nimesahihisha maelfu ya madaftari. Barua ile ina makosa kumi na manne, na sijawahi kuyawekea kalamu nyekundu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Usidharau kitu kinachomfanya mtu atake kujua kitatokea nini mbele, hata kama ni roboti la bati lisilo na mguu. Na mzazi akikunyamazia, mwachie mlango nusu wazi, atapita kwa muda wake.

Baba ametangulia siku nyingi, kwa amani, kwenye bonde lile lile. Namshukuru yeye, namshukuru mama aliyefundisha kwa mkaa, na wachoraji ambao sitawajua majina kamwe.

Haya, jukwaa ni lenu. Nani alikuwa amekaa pembeni yako siku ya kwanza unaipenda katuni yako? Mtajeni hapa. Na kama bado yupo hai, funga simu kwanza, kamwamkie, halafu ndiyo urudi kubishana.